Nyuki wamejaa mashine ya kusaga, wanatafuta nini? Maswali ya wafugaji nyuki

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Manyoni, mkoa wa Singida, nafuga nyuki huu mwaka wa tatu, nina mizinga 22 ya viunzi vya juu, yaani fito ambazo nyuki wananing'inizia masega, na mingine 9 ya magogo aliyoniachia baba. Wiki iliyopita mwenye mashine ya kusaga hapa kijijini kanipigia simu analalamika nyuki wamejaa kwake, nikaenda nikawakuta kweli wanatambaa kwenye vumbi la unga chini ya mdomo wa mashine, na miguuni wamefunga vidonge vyeupe kabisa kama wamebeba chavua, ule unga wa maua. Sasa mimi nawapa maji ya sukari tangu mwezi wa nane, ila mizinga mitatu imeshahama na kwenye mmoja sukari wameiacha humohumo hawajaimaliza. Nimekosea wapi? Na huo unga unawasaidia chochote?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kwenda mwenyewe mpaka mashineni kuangalia, maana wengi wangepuliza dawa tu yakaisha.

Hujakosea kuwapa sukari, umekosea kudhani sukari ndio chakula chote. Nyuki anakula vitu viwili. Mbochi, ule utamu wa maua ambao ndio unakuwa asali, unampa nguvu ya kuruka na kupooza mzinga, na hapo maji ya sukari yanaweza kushika nafasi kwa muda. Chavua ndio nyama na maharage yake, humo ndio mna protini, mafuta, vitamini na madini, na hakuna chembe ya hivyo kwenye sukari. Kwahiyo nyuki wako wameshiba ila wana utapiamlo, sawa na mtoto anayelishwa uji mtupu wa sukari kila siku, tumbo limejaa lakini hakui.

Wale uliowakuta mashineni wanatafuta chavua. Kwa nyuki, unga mwembamba mkavu unafanana na chavua, wanaukusanya, wanaulowesha na mate na asali kidogo, wanaufunga miguuni, wanaenda kuujaza kwenye vitundu vya sega. Wakikosa kabisa wanabeba hata vumbi la chakula cha kuku na vumbi la mbao. Unga wa mahindi ni wanga mwingi na protini kidogo sana, na wanga nyuki hausagi vizuri tumboni, kwahiyo wamefanya kazi kubwa kwa faida ndogo na wengine wanafia palepale kwa kukanyagwa na kufagiliwa. Ichukulie kama taarifa waliyokuletea, maana nyuki akishaanza kuokota unga wa mahindi ujue porini hakuna kitu.

Sasa kwanini wamehama na sukari ipo? Nyuki vijana ndio yaya wa mzinga, wale wenye umri wa siku tano mpaka kumi na tano hivi. Wanakula chavua nyingi, na kwenye tezi za kichwani mwao wanatengeneza maziwa meupe ya kulisha majana, yaani watoto wa nyuki, na malkia. Chavua ikikatika tezi zinanywea, maziwa yanapungua, malkia naye akilishwa kidogo anapunguza mayai. Ikizidi hapo yaya wanakula mayai na majana machanga kabisa, wanairudisha protini mwilini ili kuokoa majana makubwa yaliyokaribia kufunikwa kwa nta kwenye vitundu vyao. Ukiona hivyo usiseme nyuki wameingiwa na ukatili, ni hesabu yao ya njaa. Na nyuki wetu wa Afrika wana hatua nyingine ambayo nyuki wa Ulaya hawana sana, wakiona mambo hayaendi wanaacha kuzaa, wanasubiri majana yaliyofunikwa yatoke yote, wanajaza matumbo asali iliyobaki, wanaondoka wote na malkia wao. Kwahiyo uamuzi wa kuhama wanaufanya wiki kama tatu kabla hujaona mzinga mtupu. Wewe ulifika wakati mizigo imeshafungwa.

Ndio maana nataka ujifunze kuangalia sega kabla ya kufikiria kuwalisha chochote. Kesho jioni, jua likiwa limepoa, vaa vazi lako, puliza moshi kidogo, toa kiunzi kimoja cha katikati penye majana, geuka jua likae nyuma ya bega lako ili mwanga uingie mpaka chini ya vitundu. Tafuta majana machanga, yale madogo meupe yaliyojikunja kama herufi C. Kama yanaogelea kwenye maziwa, unaona kitu kinang'aa kama tone la uji mweupe chini yake, basi yaya wana chakula, funga mzinga uende zako. Kama yamelala pakavu, ukuta wa kitundu unaonekana wote, hapo njaa ya protini imeshaingia. Halafu angalia pembeni ya majana, panatakiwa pawe na mzunguko wa vitundu vyenye chavua ya rangi rangi, njano, chungwa, kahawia, umbali wa kama vidole vitatu vinne. Usipouona huo mzunguko, au ukiona vitundu vichache vina unga mweupe tu wa mashine, ujue ghala ni tupu. Na ukikuta majana yaliyofunikwa peke yake, hakuna mayai wala majana machanga, basi hilo kundi linajiandaa kuondoka, anza nalo hilohilo.

Lakini niulize na mimi swali, mwanangu. Mwezi wa sita ulirina vipi? Maana kwenye mizinga ya viunzi vya juu wengi wetu tunapita tunakata kila sega lililo zito, na yale masega mazito yaliyopakana na majana mara nyingi yamejaa chavua na sio asali, tunakuja kuyakamua tunaona asali chafu yenye ladha ya uchachu, tunatupa. Ile tuliyotupa ndio mkate wa nyuki, chavua waliyoishindilia kwa asali ikachachuka taratibu ikawa akiba ya kiangazi. Kwa uzoefu wangu mzinga ulioachiwa viunzi nane vya mbele bila kuguswa, majana, chavua na asali yake, unafika mvua za kwanza bila kilo moja ya sukari. Hilo ni la msimu ujao, ila uliandike mahali, maana hakuna mchanganyiko wowote nitakaokutajia hapa chini unaofikia chavua yenyewe.

Haya, kwa sasa. Chukua soya, chemsha kama nusu saa, anika mpaka ikauke kabisa, ikaange kidogo, kisha saga iwe laini sana, chekecha kwa chekecheo la nguo. Usitumie soya mbichi hata kidogo, ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa na ni moto tu unaoviua. Pima unga huo gramu 300. Ongeza hamira ya bia gramu 100 kama unaipata, ile iliyokufa isiyoumua, na kama huna chukua hamira ya mkate uichemshe na maji kidogo kwanza ife, vinginevyo itaumuka ndani ya mzinga. Weka sukari nyeupe iliyosagwa gramu 400, kisha maji ya vuguvugu kidogokidogo, kama mililita 150 hivi, ukande mpaka uwe kama unga wa chapati uliolegea, unashikana lakini haugandi mkononi. Hapo protini inaangukia kati ya asilimia 15 na 20. Ukiwa na chavua ya mizinga yako mwenyewe, hata vijiko viwili, changanya humo, harufu yake inawafanya waule haraka. Chavua au asali ya kununua usiweke, magonjwa ya majana yanasafiri humo na huwezi kuyaona kwa macho. Chumvi usiweke. Sukari guru na molasi usiweke, zinawaharisha.

Kwenye mzinga wa viunzi vya juu hakuna nafasi juu ya masega, kwahiyo tafuta sega kuukuu tupu, shindilia mchanganyiko kwenye vitundu vya upande mmoja kwa kijiko, kama gramu 100 tu, lining'inize jirani kabisa na majana. Jirani kabisa nimesema! Ukiliweka mwisho wa mzinga yaya hawatembei mpaka huko. Baada ya siku tatu angalia, wakiwa wamemaliza weka jingine, wakiacha toa usisubiri lioze. Kwa mizinga ya baba ya magogo huwezi kufanya hivyo, hapo weka unga mkavu wa soya uliochekechwa, usiokandwa, kwenye sanduku la mbao lililo wazi upande mmoja, kivulini, hatua kama hamsini kutoka kwenye manzuki, hapo mizinga inapokaa, nyunyiza na chavua kidogo juu. Wataugundua wenyewe wauache mdomo wa mashine, na yule mwenye mashine naye atapata amani. Karibu na hapo weka beseni la maji lenye mawe na vijiti vya kutulia wasizame, maana kiangazi cha Manyoni kinaua kwa kiu pia.

Kuhusu muda. Kutoka yai mpaka nyuki kutoka ni siku kama 20, halafu anakaa kazi za ndani wiki mbili tatu kabla hajaanza kwenda porini. Jumla ni kama wiki sita. Kichaka cha Itigi na miombo ya huko kwenu mvua zikianza mwisho wa mwezi wa kumi na moja unataka jeshi lipo tayari, kwahiyo huu mwanzo wa mwezi wa kumi ndio wakati wenyewe, umeuliza siku nzuri. Ila ukianza usikatize, ukiwafanya wazae halafu ukawanyima umewaongezea midomo kwenye njaa, bora usingeanza. Na sukari endelea, kilo moja kwa lita moja ya maji, jioni tu, usimwage nje hata tone, maana harufu ya sukari iliyomwagika inaleta wizi baina ya mizinga na siku hiyo kijiji chote kinakimbia. Maua yakifunguka acha vyote viwili. Hilo silegezi kamba hata kidogo, asali ambayo ndani yake mna sukari ya dukani isikamuliwe ikauzwa kama asali, ni kumdanganya mnunuzi na ni kuchafua jina la Singida nzima.

---

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi ni mama mfugaji kutoka Mwingi, kaunti ya Kitui, niko na mizinga 14 ya Langstroth, yale masanduku yenye fremu za kutoa. Nilinunua keki za protini kwa agroveti, zikaandikwa ni za nyuki, nikaweka keki nzima nzima juu ya fremu vile niliona kwa video ya watu wa Marekani. Baada ya wiki moja nafungua nakuta mende wadogo weusi wamejificha chini ya keki na kwa mizinga miwili kuna funza na harufu mbaya kama machungwa yameoza. Hizo keki ni mbovu ama? Na kuna jirani ananiambia nipande tu alizeti niache hii mambo ya keki.

JIBU: Nzuri dada yangu, na pole sana, hiyo harufu naijua na inavunja moyo.

Keki huenda haikuwa mbovu. Hao mende sio wale wa jikoni, ni mende wa mizinga, aina ya mbawakawa, asili yao ni hukuhuku kwetu Afrika kusini ya Sahara, nyuki wetu wameishi nao miaka na miaka, wanawafukuza, wanawafungia kwenye kona na gundi yao. Kundi lenye nguvu halisumbuki nao. Tatizo ni kwamba mende huyu anapenda keki ya protini kuliko kitu chochote, akipata keki kubwa isiyofunikwa na nyuki anataga humo, funza wanatoka kwa siku chache, wanalainisha kila kitu, asali inachachuka na ndio hiyo harufu. Wale wa kwa video wanaweka nusu kilo kwa sababu kundi lao ni kubwa na kuna baridi, kwako Mwingi na hilo joto ukiweka keki ya kilo nusu kwa kundi lililojaza fremu nne tu umewaandalia mende karamu.

Hiyo mizinga miwili yenye funza toa keki yote, toa fremu zilizolowa, zichome au uzifukie ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, usizimwage hapo chini kwa sababu funza wanaingia ardhini wanageuka mende tena. Nyuki wakiwa wachache waunganishe na kundi jingine lenye afya, au wapunguzie nafasi wabaki na fremu ambazo wanaweza kuzifunika. Kwa mizinga mingine kata keki vipande vya ukubwa wa kiberiti, kama gramu 50, bapa sana, weka katikati ya karatasi mbili za kuokea ulizozichana mistari, juu ya fremu zenye majana, siku mbili au tatu iwe imeisha. Kama haijaisha toa. Kipande kidogo mara nyingi, hiyo ndio kanuni ya nchi ya joto, ni kazi zaidi najua lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Na soma karatasi ya keki yako. Kama imeandikwa maziwa ya unga kwa wingi, mimi singenunua tena, sukari iliyo ndani ya maziwa nyuki hana uwezo wa kuimeng'enya na ikizidi inamdhuru.

Kuhusu alizeti, jirani yako ana nia nzuri ila nimpinge kidogo. Alizeti inatoa mbochi mzuri, ikichanua nyuki wanafurahi na wewe unarina, lakini chavua yake ni nyepesi kwa protini na kuna amino asidi, vile vijenzi vya protini, ambazo ni haba humo. Mahindi nayo hivyohivyo, na mikaratusi ambayo kila mtu anasema ni ya nyuki chavua yake ina upungufu wa isolusini, moja kati ya zile amino asidi kumi ambazo nyuki lazima azipate kwa chakula. Wafugaji wanaoishi katikati ya mashamba ya alizeti matupu wanashangaa kwanini asali ipo lakini nyuki wanapungua, ndio sababu. Nyuki anahitaji mchanganyiko, ua hili linafidia lile. Kwahiyo panda, tena panda sana, lakini changanya. Mlonge mpande kwa wingi, unavumilia ukame wenu na unachanua mara kwa mara. Mbaazi iko tayari huko Ukambani, iache ichanue kwa zamu, usipande yote siku moja. Maboga kwa kingo za shamba, maua yake asubuhi utakuta nyuki ametoka amepakwa njano mwili mzima. Na kabla ya kupanda chochote ilinde migunga yako isikatwe makaa, hiyo inachanua kabla mvua haijakolea, na chavua ya migunga ikianza kuingia mwezi wa kumi utaona vidonge vya njano mpauko vinaingia mlangoni, siku hiyo toa keki zote bila kusikitika.

---

SWALI: Mzee, mimi niko Tanga. Je naweza kutumia unga wa lishe wa watoto? Una soya, karanga, mahindi, ulezi, mchele. Nina mfuko mzima umebaki.

JIBU: Hapana ndugu yangu. Soya ndani yake ni kidogo na nafaka ndio nyingi, kwahiyo utakuwa unawalisha wanga uleule wa mashineni, na karanga zina mafuta yatakayochacha kwa joto la Tanga. Lakini wewe huko una minazi, nayo inatoa maua karibu mwaka mzima na nyuki wanachota chavua kwayo hata wakati mashamba yamekauka. Kabla hujanunua chochote kaa mlangoni pa mzinga asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, hesabu kwa dakika tano wangapi wanaingia na vidonge miguuni. Wakiwa wengi wanaingia navyo, hauna shida ya protini, kama kundi limedhoofu basi sababu nyingine itafute, angalia sisimizi, nondo wa nta, au malkia aliyezeeka.

---

SWALI: Nafuga nyuki wadogo wasiouma. Na wao wakati wa kiangazi niwape hizo keki?

JIBU: Usiwape. Nyuki wadogo wanahifadhi chavua kwenye vyungu vyao vidogo vya nta na gundi, vimepangana na vyungu vya asali, na ndicho chakula wanachojazia kila kijumba kabla malkia hajataga yai, mtoto anafungiwa na chakula chake chote. Malkia wao akishakomaa tumbo linakuwa kubwa hawezi kuruka tena, kwahiyo hawana njia ya kuhama kama wale wakubwa, wakikosa chakula wanaishia palepale. Unaporina bonyeza chungu kwa ncha ya kijiti kwanza, kikitoa asali vuna, kikiwa kigumu na kina kitu cha njano kama unga uliolowa, kiache kilipo.